Kashata Zilizorudi Nyumbani

Ijumaa moja muhula uliopita, mpwa wangu alirudi kutoka shuleni na kopo lake likiwa limejaa karibu vile lilivyoondoka. Ana miaka 7, yuko Gredi ya 2. Darasa lao lilikuwa na pati ya kufunga muhula na kila mtoto aliambiwa abebe kitu kitamu cha kugawana na wenzake. Alhamisi jioni yeye na shosho walikuwa wamekaa jikoni, hapa kwetu Mugutha, wakapika kashata za karanga. Vilikuwa vipande 32. Mimi nikaiba viwili, vikabaki 30. Ijumaa vikarudi 29. Kile kimoja alikila yeye mwenyewe.

"Walisema ni za ushago," akaniambia. Wengine walikuwa wamebeba krispi, biskuti za krimu na keki ya duka. Halafu akauliza swali ambalo bado linanikwaruza: "Anti, kwani sisi ni maskini?"

Shosho alikuwa amekaa pale pale. Hakusema kitu. Alichukua kipande kimoja, akakinusa, akakirudisha kwa kopo. Hawezi kula. Shosho ana sukari.

Sasa, nyinyi mnaonifuata mnajua mimi hupika. Mandazi, kaimati, chapati, vitu vya kufanya na watoto wikendi bila kumaliza pesa. Na mnajua pia maoni ninayopata. Nikiweka mandazi, lazima mtu aandike, "hiyo ni ya watu wa mjengo." Nikiweka ngwaci, mwingine anasema, "tumetoka huko." Kwa kawaida nacheka napita. Lakini maneno hayo yakitoka kwa mdomo wa mtoto wa miaka 7, siwezi kupita. Kwa hivyo leo tuanze na historia, upishi utakuja baadaye. Nataka kujua: nani alisema kashata ni za ushago, na krispi ni za nani?

Karanga na viazi ni majirani

Tuanze na kopo lenyewe. Ndani ya kashata kuna karanga na sukari. Karanga si mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika Kusini, na ilivuka bahari kuja huku baada ya Wareno kuanza safari zao, karne ya 16. Muwa nao asili yake ni kisiwa cha New Guinea, huko mbali kabisa mashariki. Wahindi ndio walioupika ukawa sukari ya chembechembe, Waarabu wakaichukua, na neno likasafiri na kitu chenyewe: kwa Kisanskriti ni sharkara, kwa Kiarabu sukkar, kwetu sukari.

Na krispi je? Krispi ni viazi, na viazi asili yake ni milima ya Andes, huko huko Amerika Kusini. Yaani karanga ya shosho na kiazi cha ile pakiti ni watu wa mtaa mmoja! Wote ni wageni, wote walipanda meli. Lakini mmoja akifika darasani anaitwa wa kisasa, mwingine anaitwa wa ushago. Tofauti ni nini? Mmoja amevaa pakiti inayong'aa.

Hata ngwaci, ile tunayoiita chakula cha kienyeji, ilitoka Amerika. Nduma na ndizi zilitoka Asia. Ukitaka utamu uliozaliwa Afrika bila kubishana, chukua asali, au chukua mabuyu, kwa sababu mbuyu ni wetu toka zamani. Kwa hivyo yule anayempa mtoto wake mabuyu mpaka ulimi unageuka mwekundu, huyo ndiye anampa kitu cha asili kuliko sisi sote. (Ile rangi ni hadithi nyingine.)

Nasema haya kwa sababu neno "kienyeji" huwa linatudanganya. Tunafikiri chetu ni kile kilichoota hapa. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba chetu ni kile tulichokiandaa kwa mikono yetu. Na siongei mashairi. Neno lenyewe linasema hivyo.

Andazi linatokana na kuandaa

Mandazi, kwa Kiswahili kilichonyooka, ni maandazi. Yanatokana na kuandaa. Pwani, kuandaa kulikuwa ni kutengeneza chakula, hasa vile vitu vya unga na sukari vya kumkirimu mgeni. Yaani jina la kitafunio hiki halisemi unga, halisemi mafuta, halisemi hata umbo lake. Linasema tu kwamba kuna mtu aliyekaa chini akakuandalia.

Ndugu yake, mahamri, amebeba jina la hamira, na lenyewe ni Kiarabu. Yeye huwekwa tui la nazi na iliki, halafu anasubiriwa aumuke. Kaimati naye ametoka mbali zaidi. Kule Ghuba wanaziita luqaymat, yaani vitonge vidogo. Kuna kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 ambacho tayari kina vitonge vya unga vinavyokaangwa na kuchovywa kwa kitu kitamu, na jina lake ni "matonge ya kadhi". Karibu miaka 800! Ukimpa mtoto wako kaimati leo jioni, unampa kitu ambacho kadhi wa Baghdad angekitambua.

Lakini nisiwapake asali midomoni. Utamu wa pwani ulikuwa na uchungu wake. Karne ya 19, kando ya mto Pangani, kule Tanzania ya leo, kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa, na waliofanya kazi humo walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa mwaka 1889, naye alikuwa na shamba la miwa huko Pangani. Tunamkumbuka kama shujaa, na alipigana kweli, lakini sukari yake ilikuwa na jasho la watu ambao hawakulipwa. Sukari ni hivyo. Kila mahali ilipopita, kuna mtu aliyeilimia ambaye hakuilamba.

Hili la mwisho ndilo linaloleta hadithi mpaka Mugutha.

Reli, unga, na kijiko kimoja

Kabla ya sukari kufika Kiambu, watu wa huku walikuwa na utamu wao. Kulikuwa na asali, ndizi mbivu, na muwa wa kutafuna. Asali haikuwa ya mtoto kuchezea. Ilikuwa ya kutengenezea muratina, na muratina ilikuwa ya wazee na ya ruracio. Mtoto alipewa muwa, na meno yake ndiyo yaliyokuwa kiwanda.

Halafu reli ikaja. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Wengi walirudi kwao, waliobaki walifungua maduka kando ya reli, na chapati ikabaki nao. Mwaka 1903 chai ikapandwa Limuru. Mwaka 1908 ikaanzishwa kampuni ya Unga, kusaga ngano iliyokuwa ikilimwa na walowezi. Mwaka 1913 reli ndogo ikafika Thika, ikipita hapa karibu na kwetu, Ruiru. Mwaka 1922 kiwanda cha sukari kikaanza Miwani, kule karibu na Kisumu.

Ziweke pamoja: unga, chai, sukari, na njia ya kuvisafirisha. Ndani ya miaka kama 25 hivi, kila kitu kinachohitajika kwa chai na andazi kilikuwa kimefika. Kilichokosekana kilikuwa ni pesa ya kuvinunua.

Maana wakati huo huo, ardhi ya huku kwetu ilikuwa imegeuka kahawa ya wazungu. Ukiangalia Mugutha ya leo unaona ploti, mabati mapya, nyumba za kupangisha na bodaboda. Lakini wazee wanaikumbuka ikiwa kahawa tu, mstari kwa mstari. Mwafrika alichuma kahawa, hakuruhusiwa kuipanda hivi hivi tu. Mlango ulifunguka sawasawa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, tena katikati ya hali ya hatari.

Shosho alikuwa mtoto wakati huo. Anasema walichuma kahawa na mama yake, wakalipwa kwa debe. Debe lisipojaa vizuri, halihesabiwi. Sukari ilinunuliwa kidogo, imefungwa kwa karatasi, na mama yake aliificha juu, kwa mtungi uliokuwa hauna maji. Iliwekwa kwa chai ya mgeni. Watoto waliipata Krismasi: kijiko kimoja, kinawekwa kwa kiganja, unalamba polepole, na mwenye kumaliza mwisho ndiye mshindi. Chapati pia ilikuwa ya Krismasi. Wengi wenu mnajua hiyo, hata mama zenu watawaambia.

"Tulikuwa tunajua ladha ya sukari," shosho aliniambia, "kama vile mtu anajua jina la mfalme. Unalisikia tu."

Mtoto huyo wa kijiko kimoja ndiye leo ana sukari ya kupimwa kliniki. Tazama Kiswahili kilivyo: ugonjwa na kitu chenyewe vina jina moja. Daktari anasema kuna sababu nyingi, umri, damu ya ukoo, mwili, mtindo wa maisha, na mimi si daktari. Lakini nikimwona anavyonusa kashata na kuirudisha, naona kama historia imemfanyia mchezo mbaya.

Ni kweli, ilikuwa ya watu wa mjengo

Sasa nirudi kwa wale wa "hiyo ni ya watu wa mjengo". Nimewaza sana nikaona kwamba wako sawa. Wanachokosea ni kufikiri hilo ni tusi.

Shosho alipoolewa, aliuza mandazi. Aliamka saa tisa usiku, akakanda, akakaanga kwa karai moja juu ya moto wa kuni, na kabla ya jua kuchomoza alikuwa kwa njia ya mashamba akiwa na ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa. Waliokula walikuwa wachuma kahawa, madereva wa trekta, na baadaye mafundi waliokuja kujenga hizi nyumba tunazoishi. Alikuwa na aina mbili: ya kawaida, na kangumu, ile ndogo ngumu ambayo unaweza kuitia mfukoni na bado iko sawa saa nane mchana. Kangumu si andazi lililoharibika, jamani. Ni andazi la mtu anayejua hatakuwa na nafasi ya kukaa chini kula.

Kwa hiyo ndoo ndiyo mama yangu alisoma mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo ndoo ndiyo ploti hii ilinunuliwa, ile mabwana walipoanza kukata kahawa na kuuza vipande. Nikiandika maneno haya niko ndani ya chumba ambacho msingi wake ni unga wa ngano. Na hadithi yetu si ya ajabu. Simama steji yoyote kuanzia Githurai mpaka Thika alfajiri, hesabu akina mama walio na karai. Kila mmoja ana mtoto shuleni.

Mama yangu naye alikuja kukua na kitu ambacho shosho hakuwahi kupata: maziwa ya Nyayo. Mwaka 1979 serikali ya Rais Moi ilianza kugawa maziwa ya bure katika shule za msingi. Mama anasema siku ya maziwa darasa lilijaa, hata wale watoro walikuja. Walibeba andazi la shosho kutoka nyumbani wakalila na maziwa ya serikali, na hakuna aliyecheka mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na pakiti ile ile.

Nafikiri hapo ndipo kuna tofauti na leo. Watoto hawakuzaliwa wakijua kucheka kashata. Pakiti ilipokuwa moja, haikuwa na maana. Pakiti zilipokuwa nyingi, zikaanza kusema baba ya nani ana nini. Mtoto wa miaka 7 hasomi bei, anasoma rangi. Na sisi watu wazima ndio tuliomfundisha kusoma hivyo, kila tulipomwambia "ukikuwa mzuri nitakununulia", na si hata mara moja "ukikuwa mzuri nitakuandalia".

Basi, tuandae

Sijasema mtoto asionje krispi. Mimi pia huzila, tena za pilipili. Ninachosema ni kwamba, mara moja kwa wiki, mtoto aone kitu kitamu kikianza kutoka sifuri. Hizi hapa mbili za kuanzia.

Kashata za karanga. Karanga vikombe 2, sukari kikombe 1, maji robo kikombe, iliki kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kaanga karanga bila mafuta, ziache zipoe, halafu mwachie mtoto kazi ya kuzisugua na kupuliza maganda. Mfanyie nje, utanishukuru. Kwa watoto wadogo zitwange kwanza, maana karanga nzima inaweza kumkaba mtoto. Kama kuna mtu ambaye mwili wake unakataa karanga, tumia nazi iliyokunwa. Weka sukari na maji kwa sufuria mpaka iyeyuke na kugeuka rangi ya chai nyepesi. Sehemu hii ni ya mtu mzima peke yake, kwa sababu shira inaunguza kuliko maji ya moto. Tia iliki, chumvi na karanga, koroga haraka, mwaga kwa sinia uliyopaka mafuta, sawazisha kwa mgongo wa kijiko. Kata ikiwa bado na joto. Ukingoja ipoe, utahitaji nyundo.

Mandazi. Unga wa ngano vikombe 4, sukari nusu kikombe, hamira vijiko 2 vya chai, mafuta vijiko 2 vya kula, iliki, na maziwa ya uvuguvugu kama kikombe kimoja na nusu. Maziwa usiyamwage yote mara moja, ongeza ukiona unga unakubali. Kanda mpaka usishike mikono, funika, acha saa moja. Sukuma, kata umbo ambalo mtoto anataka. Kwetu tumewahi kula samaki, nyota, na kitu ambacho mpwa wangu alisema ni trekta. Kaanga kwa moto wa wastani, mtoto akiwa mbali na karai. Ukitaka mahamri, badilisha maziwa kwa tui la nazi.

Na sukari tuipunguze, jamani, nami nimejifunza kwa shosho. Nusu kikombe kwenye unga wote huo inatosha. Iliki na tui vinadanganya ulimi vizuri tu. Na si lazima kila siku. Ile Krismasi ya kijiko kimoja ilikuwa umaskini, sitaki kuirudisha, lakini kuna kitu kimoja ndani yake nakikosa: utamu ulikuwa na siku yake, na ile siku ilikuwa na watu.

Vipande 29

Mnauliza zile kashata ziliishia wapi. Jumamosi asubuhi mpwa wangu alizitoa nje kwa ua wa ploti, kwa watoto wa majirani. Hakuna aliyeuliza ni za wapi. Kufika saa nne kopo lilikuwa tupu, na mmoja alikuwa anamlilia mwingine kwamba amekula tatu. Sitaki kuwadanganya kwamba hilo lilifuta ya Ijumaa. Muhula huu ulipofunguliwa, aliomba biskuti za duka za kubeba, na nikamnunulia. Vita vingine si vya kupiganwa na mtoto wa miaka 7 peke yake.

Lakini lile swali lake nilimjibu. Nilimwambia juu ya ndoo. Nilimwonyesha ukuta wa chumba, nikamwambia huu ni mandazi, na huu pia ni mandazi. Akaugusa, akanusa kidole, akacheka.

Jumapili iliyopita alimwomba shosho wapike tena. Shosho alikaa kwa kiti chake akiongea, mtoto akakoroga shira iliyokwisha kupoa ya kaimati, mimi nikiwa kwa karai. Kwa sababu shosho hawezi kuonja, alimwita.

"Maitu, njoo. Onja uniambie. Imekolea?"

Mtoto alionja, akafunga macho, akafikiria kama mzee wa baraza.

"Shosho, ongeza iliki kidogo."

Na shosho akaongeza.

Niambieni, kwenu nani ndiye aliyekuwa anaandaa? Na alikuwa anaandaa nini?